SOMO: KUJITAYARISHA KWA MTIHANI WA KINYWA WA MKALIMANI WA TRIBINALI



Sisi wa mwaka wa mwisho tunaulizana kila siku: kisha diploma, tutafanya kazi gani? Mmoja anataka udaktari, mwingine ualimu, mwingine biashara. Katika somo hili napenda tuangalie kazi moja yenye watu hawaitaji sana: kazi ya mkalimani wa tribinali, ndiye mtu anayesimama kati ya juji na mtu asiyejua lugha ya juji. Kwetu wengi wanamuita mtafsiri tu. Tutaona mtihani wake wa kinywa uko namna gani, na namna ya kujitayarisha. Hata wewe mwenye hutaki kazi hii, soma mpaka mwisho, sababu siku moja unaweza kuitwa kuifanya bila kutazamia.

1. JUU YA NINI TRIBINALI INAHITAJI MKALIMANI

Katika inchi yetu lugha ya serikali ni Kifaransa. Lugha za taifa ni nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Ndivyo inavyosema Katiba ya 2006 katika kifungu cha 1. Lakini mama anayetoka shambani kuja kushuhudia, mara nyingi anasema lugha ya kwao na Kiswahili kidogo. Karatasi za sheria zote ziko kwa Kifaransa. Basi, kati ya kinywa cha yule mama na kalamu ya grefye kuna mto, na mkalimani ndiye daraja.

Hii si huruma ya juji, ni haki. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kwamba mtu aliyekamatwa lazima aambiwe pale pale sababu ya kukamatwa kwake na mashitaka yake, kwa lugha anayoifahamu. Mapatano ya mataifa yote ya mwaka 1966 juu ya haki za raia, ambayo inchi yetu iliyaingia mwaka 1976, yanasema katika kifungu cha 14 kwamba mshitakiwa asiyefahamu lugha ya tribinali apewe mkalimani bila kulipa. Na tribinali kubwa ya mataifa iliyo La Haye, yenye imehukumu watu wa Ituri, inakwenda mbali zaidi: sheria yake katika kifungu cha 67 inataka lugha ambayo mshitakiwa anaifahamu na kuisema kabisa. Mwaka 2008, katika shauri la Germain Katanga, aliyeomba kutafsiriwa kwa Kilingala, waamuzi wa rufani walionyesha kwamba neno hilo «kabisa» lina uzito wake. Mtu kujua Kifaransa cha kusalimia na cha kununua sokoni haitoshi pale anapohukumiwa.

Sisi wasomaji wa Biblia tunamkumbuka Yosefu katika Mwanzo 42. Ndugu zake walisemezana mbele yake bila hofu, wakifikiri hawafahamu, kwa kuwa mkalimani alikuwa kati yao. Kumbe alisikia yote. Ona basi, kazi hii ni ya zamani sana, na tangu zamani mtu anayesema kwa njia ya mkalimani anaweka roho yake mikononi mwa mwingine.

2. KUJUA LUGHA MBILI HAITOSHI

Katika shule yetu karibu kila mwanafunzi ana vinywa vitatu: lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kifaransa. Kwa hiyo wengi watasema: «Mimi niko mkalimani tayari. Siku ya Mungu natafsirisha mahubiri kanisani.»

Ndugu, kanisani na tribinalini si mamoja. Kanisani mhubiri akisema neno moja, mtafsiri anaweza kusema matatu, akaongeza chumvi, akapandisha sauti, na watu wakaitika Amina. Akisahau mstari, mhubiri ataurudilia. Hakuna anayefungwa gerezani juu ya hiyo. Tribinalini chumvi ile ile inaharibu chakula. Mkalimani wa tribinali anakula kiapo kwanza, na akigeuza maneno kwa kusudi sheria inamwazibu. Hapunguzi, haongezi, hatengenezi. Shahidi akisema vibaya, anatafsiri vibaya vile vile. Shahidi akitukana, anatafsiri tusi. Shahidi akijipinga mwenyewe, mkalimani hamsaidii kujipatanisha.

Mtihani wote wa kinywa unatafuta jambo hili moja: je, kilichoingia kwa sikio lako ndicho kilichotoka kwa kinywa chako?

3. MTIHANI WENYEWE

Mtihani huu haufanani katika kila inchi. Tunachukua mfano wa tribinali za majimbo ya Marekani, kwa kuwa sehemu zake zinajulikana wazi, tena kwa kuwa Wakongomani wengi wamefika kule kama wakimbizi, na tribinali za kule zinahitaji watu wa Kiswahili. Mtihani una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza: kusoma kwa macho na kusema kwa kinywa. Unapewa karatasi iliyoandikwa kwa lugha moja, kwa mfano ripoti ya polisi au barua ya mtu. Unaipitia haraka, kisha unaisema kwa sauti kwa lugha nyingine. Unafanya karatasi mbili, moja kwa kila upande, na kila moja ina dakika 6 hivi. Ukisimama simama kama gari lenye kukosa mafuta, dakika zinakwisha.

Sehemu ya pili: kutafsiri kwa zamu. Avoka anauliza, unatafsiri. Shahidi anajibu, unatafsiri. Jibu linaweza kuwa neno moja, linaweza kuwa maneno 50. Unaruhusiwa kuandika alama kwa karatasi.

Sehemu ya tatu: kutafsiri pamoja na msemaji. Unavaa vifaa vya masikio, sauti inasema karibu maneno 120 kwa dakika bila kukungojea, nawe unasema nyuma yake kwa muda wa dakika 10 hivi. Namna hii ilijulikana sana katika tribinali ya Nuremberg, iliyofunguliwa mwezi wa 11 mwaka 1945, kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijeremani. Kule msemaji akikimbia, taa ya manjano iliwashwa apunguze mwendo, na taa nyekundu asimame. Katika mtihani taa hakuna.

Namna ya kutoa pointi ni ya kufahamu vizuri. Watoa mtihani wamepiga mistari chini ya maneno fulani katika maandiko yao: hesabu, majina, tarehe, rangi, matusi, maneno ya sheria. Wanahesabu ngapi umeyapitisha. Katika majimbo mengi lazima upate 70 kwa 100. Sauti nzuri na Kifaransa cha kupendeza havikuokoi kama umesema kilo 50 mahali pa kilo 15.

4. MITEGO YA LUGHA YETU

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

a) «Alinipiga.» Ni nani, mwanaume ao mwanamke? Kiswahili hakisemi. Kifaransa kinakulazimisha kuchagua kati ya «il» na «elle». Mkalimani mwenye haraka anasema «il», na grefye anaandika kwamba mwanaume alipiga. Pengine alikuwa mke mwenza! Dawa yake: omba ruhusa kwa juji, useme kwamba lugha haionyeshi, umuulize shahidi.

b) «Ndugu yangu.» Kwetu ndugu ni yule wa tumbo moja, ni mtoto wa baba mdogo, ni mtu wa kijiji, hata mkristo mwenzako ni ndugu. Vilevile «baba» anaweza kuwa baba mkubwa. Kwa shauri la uriti, tofauti hii ni shamba zima.

c) «Saa mbili ya usiku.» Wengine wanahesabu saa tangu jua kuzama, ndiyo saa 20 ya Kifaransa. Wengine wanafuata saa ya mkono, na kwao saa mbili ni katikati ya usiku. Kati yao kuna saa 6. Mtu mwenye alikuwa kwa kesha la maombi saa 20 anaweza kukosa mashahidi wa saa 2.

d) «Siku ya tano.» Kwetu ni vendredi. Lakini mtu wa pwani akisema Jumatano, ni mercredi. Neno «tano» liko pande zote mbili, siku si moja.

e) «Alikamata pikipiki yangu.» Kukamata kwetu ni kuchukua, ni kushika, ni kufunga mtu. Mkalimani akisema kwa Kifaransa kwamba pikipiki «iliibiwa», amekwisha kutoa hukumu mbele ya juji. Useme «alichukua», na juji aulize mwenyewe kama ilikuwa kwa ruhusa.

f) «Mtoto wangu.» Mzee wa miaka 70 anaita hivyo mwanawe wa miaka 40. Kwa sheria ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, mtoto ni mwenye hajatimiza miaka 18. Miaka iulizwe.

g) Maneno ya haya. Mama zetu na dada zetu wanapoeleza ubaya waliotendewa, wanafunika neno: «Waliniharibu», «Walifanya walivyotaka». Mkalimani hapasuli kitambaa kile mbele ya watu, tena haongezi kingine juu yake. Anapitisha neno jinsi lilivyo, na juji anauliza kwa heshima mpaka jambo liwe wazi. Mwaka 2011 tribinali ya kijeshi yenye kutembea ilikaa Baraka, ikahukumu maaskari kwa ajili ya ubaya uliofanyika Fizi siku ya kwanza ya mwaka ule. Katika mashauri ya namna hii kila neno la shahidi linapimwa. Mkalimani akiona haya mahali pa shahidi na kusema tu «walimsumbua», kosa kubwa linakuwa dogo, na mwenye kutendewa amenyamazishwa mara ya pili.

5. ZOEZI: HESABU POINTI ZAKO

Mmoja asome maneno haya ya shahidi mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida. Wengine wayatafsiri kwa Kifaransa bila kuona karatasi.

«Siku ya tano, saa mbili ya usiku, nilikuwa natoka kwa shemeji yangu. Nilibeba kilo kumi na tano za maharagi. Watu watatu, hapana, wanne, walinisimamisha kwa daraja. Mmoja alivaa koti ya mvua. Akasema: Toa franka elfu kumi, kama hapana utalala hapa. Niliogopa, nikaacha maharagi, nikakimbia.»

Pointi ni 12: siku; saa; shemeji; kilo; 15; maharagi; «watatu, hapana, wanne»; daraja; koti ya mvua; franka 10.000, «utalala hapa», na mwisho mpangilio wa kuogopa, kuacha, kukimbia.

Sasa angalia tafsiri mbaya yenye inasikika vizuri: «Majambazi wanne walimnyang'anya maharagi yake na kutaka kumuua.» Ni fupi, ni safi, na ni uongo. Shahidi hakusema majambazi, alisema watu. Hawakumnyang'anya maharagi, yeye aliyaacha. Hawakusema kuua, walisema «utalala hapa»: pengine kumuua, pengine kumfunga mpaka asubuhi. Juji ndiye wa kupima. Na yale «watatu, hapana, wanne» yamepotea, kumbe avoka wa mshitakiwa anayangojea sana, kwa kuwa yanaonyesha shahidi hakuona vizuri gizani. Sheria yetu ina azabu kali sana kwa wizi wa silaha. Mkalimani huyu, kwa kutaka kusema vizuri, amewasukuma watu wanne upande ule, na mmoja wao pengine hakuwako.

Kwa 70 kwa 100, ukipata 9 umepita. Lakini jiulize: zile 3 zilizoanguka, ni zipi?

6. MAZOEZI YA KILA SIKU

Vitu hivi havihitaji feza.

– Kundi la watu wanne: mmoja juji kwa Kifaransa, mmoja shahidi kwa Kiswahili ao lugha ya kwao, mmoja mkalimani, wa nne anahesabu makosa. Mubadilishane. Robo saa kila jioni mbele ya etidi inatosha.

– Kumbukumbu: matangazo ya asubuhi yakisomwa kwa mstari, usiandike. Ukifika darasani, uyaseme yote kwa lugha nyingine. Anza na tangazo moja, kisha mawili, kisha yote.

– Alama: usiandike sentensi, kalamu haifiki. Andika hesabu na majina, kwani ndivyo vinavyokimbia kwanza. Mshale kwa «alikwenda», msalaba kwa «hapana», alama ya kuuliza kwa yenye hukusikia. Kila mtu afanye alama zake mwenyewe, lakini azisome pale pale, kesho hatazifahamu tena.

– Kufuata sauti: kwa redio, fuata msomaji wa habari kwa sauti ndogo, neno kwa neno, lugha ile ile. Ukizoea, geuza lugha. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Sikia habari moja kwa Kifaransa, uitafsiri, kisha ungojee ile ya Kiswahili upime.

– Daftari ya maneno: kila neno la sheria, kwa lugha zako zote. Mshitakiwa, mlalamikaji, shahidi, kiapo, rufani, dhamana, P.V. Andika pia maneno ya watu wa kawaida: vyombo vya shamba, majina ya uhusiano wa jamaa, magonjwa, vipimo vya soko. Watahiniwa wengi wanajua neno la rufani, wanakwama kwa jembe na mwiko.

7. TABIA YA MKALIMANI

Anasema «mimi» mahali pa shahidi. Shahidi akisema «Niliogopa», mkalimani anasema kwa Kifaransa «Niliogopa», hasemi «Anasema eti aliogopa». Akitaka kusema neno lake mwenyewe, anajitaja: «Mkalimani anaomba shahidi arudilie.» Hivi grefye hachanganyi watu wawili.

Akikosa kusikia, anaomba. Kuuliza si ujinga. Kubahatisha ndiyo hatari. Akigundua alitafsiri vibaya, anatangaza na kutengeneza pale pale.

Hapokei zawadi ya upande wowote. Hazungumzi na shahidi kando kando juu ya shauri. Yaliyosemwa ndani ya chumba hayapeleki nyumbani.

Na hapa narudi kwa jambo nililosema mwanzo. Katika vijiji vyetu polisi ao tribinali ikikosa mkalimani, wanatazama nani anajua Kifaransa, na mara nyingi ni mwanafunzi. «Wewe kijana wa shule, kuja utusaidie.» Unafurahi, unaona umeheshimiwa. Kumbe mbele yako kuna mtu mwenye kushikwa, na afisa anaandika P.V. kwa Kifaransa. Mwisho wake mtu huyu asiyejua kusoma ataweka kidole chake kwa wino. Kidole kile kinasema: maneno haya ni yangu. Lakini maneno yale yalipita kwa kinywa chako.

Ukiitwa hivyo, shika mambo manne. Kwanza, kama mtu ni jamaa yako ao adui wa jamaa yako, sema wazi na uombe mtu mwingine. Pili, kama lugha yake unaijua nusu, sema nusu. Tatu, mbele ya kidole kuwekwa, omba P.V. isomwe yote, uimtafsirie mtu polepole, naye aseme ndiyo ao hapana kwa kila fungu. Nne, akikataa neno, mwambie afisa kwamba amelikataa, hata kama afisa amechoka na jua limezama. Hili la nne ni gumu kwa kijana mbele ya mkubwa. Useme kwa adabu, lakini useme.

8. SIKU YA MTIHANI

Lala usiku uliotangulia. Maji kidogo, chakula kidogo. Karatasi na kalamu mbili. Mtahini akisoma, tazama chini ama ukuta, uso wake usikuvute. Ukipoteza neno moja katika sehemu ya tatu, uliache liende. Ukilikimbilia, utapoteza kumi yanayokuja. Lakini katika sehemu ya pili uko na ruhusa ya kuomba kurudiliwa: itumie kwa kiasi, usione haya.

Wenzangu wa mwaka wa mwisho, sisi pia tuna mtihani wetu wa kinywa wa Kifaransa katika mtihani wa serikali. Mazoezi haya yanatufaa kule vilevile: kusikia swali mpaka mwisho, kujibu lililoulizwa, kutojaza maneno mahali pa ujuzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja kifungu cha Katiba kinachompa mtu aliyekamatwa haki ya kuambiwa mashitaka kwa lugha anayoifahamu.
2. Sehemu tatu za mtihani wa kinywa ni zipi? Ni ipi ngumu kwako, na utaifanyia zoezi gani?
3. Shahidi anasema: «Ndugu yangu alimkamata saa tatu.» Kuna mambo mangapi ya kuuliza mbele ya kutafsiri kwa Kifaransa? Yaandike.
4. Shahidi amesema: «Nitakuua» kwa hasira ya ugomvi. Mtu mmoja anasema tutafsiri «nitakuazibu», maana hakuwa na nia. Umjibu nini?

Majibu ya swali la 3 na la 4 yapelekwe kwa doyen mbele ya siku ya sita. Kundi la mazoezi litaanza juma lijalo chini ya mwembe wa mbele ya maktaba, kisha chakula cha jioni. Walimu wanaopenda kukaa kama majuji wanakaribishwa sana.

Mungu atulinde vinywa.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa mwisho